Chuo Kilicholeta Posa

Mwanahawa, Tatu na wengine mlionikalisha pale kwenye meza ya kukatia nguo mkaniuliza London ikoje: nilisema "nzuri" nikanyamaza. Mnanijua. Maneno hunijia mtu akishaondoka. Basi nimeyaandika, kila siku kidogo baada ya kufunika cherehani, na yamenichukua muda kwa sababu mkono wangu ni mzito kwenye kalamu. Mambo ya pasipoti na viza siyaandiki, hata mimi sikuyaelewa. Shemeji ndiye aliyeyahangaikia. Naandika njia niliyopita, na jinsi mimi niliyeishia darasa la saba nilivyotumwa kwenda kukagua chuo.

Muheza mpaka Barking

Nilikwenda kwa ajili ya dada Mwajuma. Alijifungua mtoto wa kiume baada ya miaka mingi ya kukaa na binti mmoja tu, na kule hakuna wa kumkanda mzazi wala wa kumpikia uji wa pilipili manga. Mama miguu haimruhusu tena. Nikaambiwa niende mimi nimsimamie mpaka arobaini.

Kwenye ndege mhudumu alinipitishia sahani ya wali na kuku, nikatikisa kichwa. Nilidhani vinauzwa. Alipopita mara ya pili nilishajua kwamba ni bure, lakini kwa kuwa nilishakataa niliona aibu kukubali. Mzee aliyekaa karibu nami alikula changu na chake. Nilifika London na njaa ya tangu Dar es Salaam, na dada aliponifungulia mlango kitu cha kwanza nilichosema ni, "Kuna ugali?" Alicheka mpaka akashika kitovu.

Wanakaa Barking. Sokoni kwao kuna mihogo, ndizi mbichi na dagaa, na wauzaji wanakuita "sister" hata kama hununui. Nyumba ni nyembamba, ngazi katikati, na ukutani karibu na makoti kimetundikwa cheti cha shemeji Rashidi cha chuo kikuu cha nyumbani, ndani ya kioo. Shemeji anafanya kazi hospitalini, anasukuma vitanda vya wagonjwa.

Binti yao ni Nasra. Ana miaka kumi na minane na mimi nina ishirini na mitatu, lakini mama yake ni dada yangu, kwa hiyo mimi ni mama yake mdogo na ndivyo anavyoniita. Kiswahili anakisikia chote. Kujibu anajibu Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni kile cha "good morning teacher", kwa hiyo siku za mwanzo tulizungumza kama watu wanaorushiana mpira, mmoja kwa mkono na mwingine kwa mguu.

Jioni ya tatu nilikuta wanabishana mezani. Vyuo viwili vilikuwa vimemkubali Nasra na jibu lilitakiwa Jumatatu. Kimoja ni kikubwa, kila mtu anakijua. Cha pili ni kidogo, kiko pembeni kabisa kusini mwa London, na jina lake silitaji kwa sababu hata nikilitaja hamtalijua. Na hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Kwenye chuo hicho kidogo hawakupangii fani moja tangu siku ya kwanza. Mwaka mzima wote wanasoma falsafa, historia, hesabu, mashairi, mpaka habari za nyota, ndipo mtu anachagua. Nasra alikitaka hicho.

"Anayesoma kila kitu anaajiriwa kama nani?" shemeji aliuliza. "Mimi nitamwambia nani kazini kwamba mwanangu yuko chuo hiki? Wataniuliza, ni chuo cha ushonaji?" Kisha akaniona nimesimama na sufuria ya uji. "Samahani, shemeji. Ushonaji una faida yake."

Dada akampigia mama simu. Mama alisikiliza pande zote mbili, akauliza, "Hizo barua wameleta wao au mmeomba ninyi?"

"Aliomba, wamejibu kwamba wanamtaka," dada alisema.

"Basi ni posa. Posa mbili kwa binti mmoja. Tangu lini posa ikajibiwa kwa kubishana mezani? Mtumeni mtu akaulizie."

"Posa gani hii, mama," shemeji alisema, "wanaposa wao, mahari nitoe mimi?"

"Wewe kaa kimya, yako tuliiulizia miezi miwili." Kisha akasema, "Mtumeni Zuhura. Hana maneno mengi. Asiyesema huona."

Hivyo ndivyo nilivyochaguliwa. Shemeji alikuwa na zamu, dada hawezi kutoka kabla ya arobaini. Mama akaniita nishike simu peke yangu akanikumbusha utaratibu wa ukoo wetu: usianzie kwa wenye posa, anzia kwa majirani. Mtafute aliyekwisha kuoa au kuolewa nyumba ile. Angalia jiko. Angalia mkubwa anavyosema na mdogo. Na usile kwao. Kwetu mtu aliyetumwa kuulizia posa hali wala hanywi kwa wenye posa, kwa sababu akila amekubali kwa niaba ya watu wote.

"Nimesikia, mama," nilisema.

Barking mpaka chuo chenye jina

Siku ya kwanza safari ilikuwa fupi kuliko mzunguko wa ndani ya chuo. Kilikuwa katikati ya mji, na majirani wake ni barabara na mabenki, kwa hiyo sikupata wa kumuuliza. Mlangoni tulipewa mifuko yenye jina la chuo. Watu walikuwa mamia. Tulizungushwa na kijana mwenye fulana ya rangi ya chungwa, anatembea kinyumenyume huku anasema, na nilimwogopea asianguke.

Nitasema ukweli, nilipapenda. Maktaba ina orofa nyingi na kila orofa imejaa. Kuna chumba cha vipimo cheupe kama hospitali. Niliwaza, mtu akikosa elimu hapa ni kwa kupenda mwenyewe. Nasra alimwuliza yule kijana walimu wake ni nani. Alitaja mmoja, wa pili hakumkumbuka, akasema majina yako kwenye mtandao. Hilo halikunishtua, hata kwetu shuleni tulikuwa sabini na mwalimu aliniita Zuhuria mpaka nilipomaliza.

Walitoa juisi na vitafunio. Nilikataa. Hakuna aliyegundua.

Wakati wa kurudi nilimuuliza Nasra, "Umepaonaje?" Akajibu neno moja ambalo hata mimi nalijua: "Big." Kisha akakaa na ule mfuko mapajani mpaka Barking.

Barking mpaka Kingsbury

Dada alikuwa anamjua mzee mmoja Kingsbury, Mhindi wa Tanga, Mzee Kanti, ambaye mjukuu wake alisoma kile chuo kidogo. Huyo ndiye "aliyeoa nyumba ile". Tulipanda treni, West Ham tukabadilisha kwenye laini ya kijivu, na nilijisifu moyoni kwamba nimeshazoea. Wembley Park sauti ikasema kitu na watu wote wakasimama. Mimi nikabaki nimekaa, nikifikiri wote wanashuka kwa sababu wamefika. Nasra akanivuta mkono. Treni ilikuwa inaishia hapo. Tulingoja nyingine kwenye baridi ambayo inapita kwenye mshono wa koti kama inajua njia.

Barabara ya Kingsbury imejaa maduka ya Wahindi, na harufu ya mchuzi na ubani ilinipeleka Tanga mtaa wa sokoni kabisa. Duka la Mzee Kanti halina ubao. Nilipoingia nikasema "Shikamoo" bila kufikiri, na yule mzee akajibu "Marahaba" bila kuinua kichwa, ndipo akashtuka.

"We! Umetoka wapi?"

"Muheza."

"Muheza! Machungwa yameiva?"

"Bado kidogo."

"Kila mwaka nauliza, kila mwaka bado kidogo." Akatutolea viti viwili vya plastiki na chai ya tangawizi. Yeye hakuwa ameposa, kwa hiyo nilikunywa vikombe viwili.

Nilimuuliza habari za chuo. Alifikiri. Watu wa kwetu wakiulizwa habari za posa hawadanganyi, kwa sababu kesho na wao wataulizia.

"Mjukuu wangu Nilesh alisumbuka," alisema. "Mwaka wa kwanza baada ya kumaliza, kila alikokwenda kuomba kazi anaulizwa, hicho ni chuo gani? Anaanza kueleza, muda unakwisha. Mama yake alilia hapo ulipokaa. Mimi nikasema, tungempeleka kwingine."

"Na sasa?" Nasra aliuliza.

"Sasa yuko halmashauri, anaandika zile barua ambazo wakubwa wanatia sahihi. Ameridhika." Akapangusa kaunta ambayo ilikuwa safi. "Lakini nikuambie kitu kingine. Zamani huyu mtoto tulikuwa tunakula naye mezani, hasemi. Unamuuliza, anatazama sahani. Alipotoka pale, nikisema jambo, ananiuliza, babu, umejuaje? Kila kitu, umejuaje? Miaka sabini nasema mambo, hakuna aliyewahi kuniuliza nimejuaje."

"Ilikuudhi?" nilimuuliza.

"Sana," alisema. "Siku hizi nikikaa peke yangu dukani najiuliza mwenyewe."

Alitufungia chevda ya kutafuna njiani kwenye karatasi na akakataa kupokea chochote.

Barking mpaka chuo kisichojulikana

Hii ndiyo safari iliyokuwa ndefu. Tulitoka Ijumaa asubuhi. Treni ya pili, ile ya kwenda kusini, ilisimama kati ya vituo viwili, nje kuna ukuta na mti mmoja. Ikakaa dakika arobaini. Nilikuwa nimesikia kwamba watu wa London hawasemeshani kwenye treni, na ni kweli kwa dakika ishirini za kwanza. Baadaye mama mmoja mzee aliyekuwa anafuma sweta akaanza kufumua, akinung'unika. Nikaona kosa lilipo: alikuwa ameruka kitanzi safu tatu chini. Nikaonyesha kwa kidole. Akatazama, akanipa biskuti mbili na kuniambia maneno mengi sana.

"Anasema angefika mpaka shingoni kabla ya kuliona," Nasra alisema. Alisema kwa Kiswahili, cha polepole, na nadhani hakujisikia mwenyewe.

Mwisho tulishushwa, tukapandishwa basi, na basi likatuzungusha vitongoji vyote. Tulifika karibu saa sita. Mtaa umetulia, nyumba za matofali mekundu, bustani ndogondogo. Nilimwambia Nasra tusiingie kwanza.

"Mama mdogo, plizi," alisema. "Tumechelewa."

"Majirani kwanza."

Mwanamke wa duka la maua, aliyekaa mtaa ule miaka mingi, alisema hajui kama kuna chuo. Alidhani ni nyumba ya wazee. Nasra alikasirika, akavuta mlango kwa nguvu. Kwenye duka la magazeti tulimkuta baba mmoja wa Kisomali. Huyo alikijua. Alisema wanafunzi wake ni watoto wenye adabu, wanasalimia, wanabishana mbele ya friji yake ya maziwa juu ya mambo asiyoyaelewa. Kisha akashusha sauti. Amesikia kwamba wanafunzi wanapungua na jengo linaweza kuuzwa.

Tukatoka. Nasra hakunitazama. "Hilo utalisema?" aliuliza.

"Nimetumwa kuulizia," nilisema.

Akatangulia mbele yangu mpaka getini.

Chuo chenyewe ni jumba la zamani lenye ngazi zinazolia. Baadhi ya vyumba vina baridi na watu wanakaa na makoti. Maktaba ni vyumba vitatu. Niliyaona yote nikayaweka moyoni kama nilivyoagizwa. Tulikuta wanakula, walimu na wanafunzi meza moja, kama watu hamsini hivi. Mpishi, mwanamume mnene mwenye aproni, akaniletea sahani. Nikatikisa kichwa. Akaondoka, akarudi kuuliza kama nimefunga. Nikatikisa. Akaondoka, akarudi kusema ana nyama ya halali. Nikatikisa. Akarudi na yai la kuchemsha, peke yake, kwenye sahani kubwa.

"Mama mdogo, kula tu," Nasra alininong'oneza. "Watu wote wanatuangalia. Anafikiri ni mgonjwa wewe."

"Nikila nimekubali."

"Si uikubali!"

"Bado sijaona."

Akaweka kichwa kwenye mikono. Mpishi akalitazama yai, akanitazama mimi, akarudi jikoni polepole. Nilimwonea huruma, na njaa nayo ilikuwa inaniuma.

Baada ya chakula tuliingizwa darasani. Meza moja ya duara, wanafunzi kumi na mmoja. Mwalimu ni mwanamke mwenye mvi, na koti lake lina kiraka kwenye kiwiko kilichoshonwa kwa mkono, mshono mdogo na sawa, kazi ya mtu mwenye subira. Walikuwa wanajadili swali: ahadi uliyompa mtu aliyekwisha kufa, inakufunga? Nasra alinitafsiria sikioni. Walisema kwa zamu, na anayesema hakatizwi. Zamu ikazunguka, ikafika kwa Nasra, akasema yake. Nikajua sasa itaniruka, mimi mgeni. Mwalimu akanitazama akasubiri.

Mnanijua nilivyo. Nilitazama meza. Nikafikiri watachoka waendelee. Hawakuendelea. Hawakuwa wananionea wala kunicheka, walikuwa wanangoja tu, kama mtu anavyongoja maji yachemke.

Nikasema kwa Kiswahili, na Nasra akatafsiri. Niliwaambia habari za Bi Mwanaisha, mnazikumbuka, aliyeleta kitenge akataka gauni la harusi ya mwanawe, nikamwahidi litakuwa tayari Ijumaa, akafariki Jumatano. Niliwaambia kwamba Alhamisi nilishona mpaka nikamaliza, na Ijumaa nikalipeleka msibani limekunjwa. Sikujua la kufanya lingine.

Kisha kijana mmoja mwenye miwani akauliza kitu, na Nasra akasita kunitafsiria. Nikamwambia aseme.

"Anauliza, ulimaliza kwa ajili yake au kwa ajili yako, ili mkono wako usikusute?"

Tangu nimalize shule hakuna mtu aliyeniuliza swali kama lile, ambalo anayeuliza mwenyewe halijui jibu lake. Nikasema sijui. Mwalimu akaandika kitu kwenye daftari lake. Wakabishana juu ya gauni la Bi Mwanaisha nusu saa nzima, watu ambao hawajawahi kufika hata Tanga.

Walipotoka nilimwambia Nasra amuulize mwalimu kama chuo kitafungwa. Hakutaka. Nikamwambia, posa haiulizwi nusu. Akauliza.

Mwalimu hakukunja uso. Alisema amelisikia hilo neno, na lina ukweli. Kwa miaka mitatu ya Nasra anaweza kuahidi, kwa sababu hilo wameliandika na kuliwekea sahihi. Baada ya hapo hajui.

Mama husema nyumba isiyokuonyesha aibu hata moja imeficha kubwa.

Alitusindikiza kupitia jikoni. Mpishi alikuwa anapangusa meza, na kwenye kona kulikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Kwetu ndivyo anavyowekewa mtu aliye safarini. Alisema, kama nitaghairi, viazi na mboga, bado vina moto.

Nilisimama hapo kidogo. Niliwaza maktaba ya vyumba vitatu, mama yake Nilesh akilia dukani, mwanamke wa maua. Niliwaza pia ile meza ilivyonisubiri. Kisha nikanawa mikono, nikakaa, nikala. Nasra, ambaye bibi yake alishamweleza maana ya kula kule, alisimama mlangoni amejishika mabega.

Kurudi Barking

Jumapili baada ya adhuhuri walikaa wote mezani. Mtoto alikuwa amelala kifuani kwa dada, na simu ilikuwa imeegemezwa kwenye jagi ili mama asikie. Nilisema yote. Nilianza na mabaya ya chuo kidogo, moja moja, mpaka la kuuzwa jengo. Nikasema mazuri ya chuo kikubwa, sikupunguza. Mwisho nikasema habari za darasa. Nafikiri katika maisha yangu sijawahi kusema muda mrefu hivyo mbele ya mwanamume.

Shemeji aliweka viwiko mezani. "Kwa hiyo kila atakakokwenda," alisema, "ataulizwa, hicho ni chuo gani."

"Ndiyo, shemeji. Ataulizwa."

Aligeuza shingo akatazama kule kwenye makoti, kwenye kile kioo ukutani.

"Hata mimi," alisema. "Changu ambacho Tanzania nzima inakijua. Nilipofika hapa nikaweka cheti mezani, wakaniuliza, hiki ni chuo gani? Nilikuwa sina la kuwajibu. Nilidhani jina litasema lenyewe." Akamgeukia Nasra. "Wewe utaweza kuwajibu?"

"Nitaweza, baba," alisema Nasra.

Sauti ya mama ikatoka kwenye jagi.

"Zuhura."

"Abee, mama."

"Maneno yako nimeyasikia, ni mengi, sikujua unayo. Nijibu moja. Ulikula?"

Wote wakanitazama.

"Nilikula, mama."

"Kwa njaa au kwa kuridhia?"

"Njaa ilinishika tangu saa sita, nikaivumilia. Nilikula saa tisa."

Tulisikia jogoo wa jirani yetu analia, huko Muheza.

"Ulimaliza sahani?"

"Nilimaliza."

"Basi, Rashidi, mwanangu," mama alisema, "kesho wapelekee jibu watu wale."